Mtoto ana tobo la kaakaa na kipato chetu ni cha kubahatisha: tuuze friji?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, Mombasa. Binti yangu ana miezi 14. Alizaliwa mdomo umepasuka upande mmoja na kaakaa lina tobo. Mdomo alishonwa akiwa na miezi mitano, na upasuaji wenyewe hatukutoa hata shilingi. Kaakaa bado. Mara ya kwanza tulirudishwa kwa sababu ya kikohozi, mara ya pili wakasema damu yake iko chini, na tangu hapo hatujarudi. Mume wangu ni kibarua wa kupakua mizigo Shimanzi, kazi ya leo ipo, ya kesho haijulikani. Mimi nauza juisi ya ukwaju na barafu mchana, viazi karai jioni. Juzi nimesoma kwenye simu kwamba watoto wenye mdomo sungura wanaozaliwa katika familia za kipato cha chini huwa na maisha duni kuliko wenzao. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mume wangu anataka tuuze friji tumpeleke hospitali ya kibinafsi mara moja. Mavyaa wangu naye anasema twende kwanza kwa mganga. Je, umaskini wetu utamharibia mtoto maisha? Na friji tuuze?

JIBU: Marahaba mwanangu. Friji usiuze. Sababu utaziona tukiendelea, lakini tuanze na hilo lililokunyima usingizi.

Ulichosoma si uongo. Tafiti kadhaa zimekuta kwamba watoto wa familia zenye kipato kidogo hupata alama za chini kwenye vipimo vya ubora wa maisha. Ila ujue alama hizo hupatikanaje. Hupatikana kwa maswali. Dodoso linalotumika sana siku hizi kwa hali hii linaitwa CLEFT-Q. Lilijaribiwa kwa wagonjwa 2,434 katika nchi 12 na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Humwuliza mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 8 hadi 29: unaonaje pua yako, midomo yako, meno yako? Watu wanakuelewa unapozungumza? Shuleni unajisikiaje ukiwa na wenzako? Binti yako wa miezi 14 hawezi kujibu hayo. Kwa watoto wadogo tafiti nyingine huwauliza wazazi, na mzazi anayedaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili hajibu kwa moyo ule ule wa mzazi aliyeshiba. Ukimwuliza mtoto wake anaendeleaje, sehemu ya jibu inamhusu yeye mzazi. Kwa hiyo pengo lile linaloonekana kwenye karatasi, baadhi yake ni uchovu wa mama na baba. Tena ni wastani wa watu wengi, haukutabirii wewe na mwanao.

Sikwambii hivyo ili upuuze. Sehemu nyingine ya pengo ni ya kweli, na nimeiona kliniki kwa miaka mingi. Lakini pesa haziingii kwenye kaakaa la mtoto. Kuna mahali zinapopitia kabla ya kumfikia, na mahali hapo panajulikana: tarehe ya upasuaji, uzito na damu yake, na yale marejeo ya baada ya upasuaji, hasa ya matamshi na masikio. Familia yenye kipato kidogo ikiyashika hayo, mtoto wake hatofautiani sana na wa tajiri. Familia yenye pesa ikiyaachia, mtoto wake hupata shida zile zile.

Tarehe kwanza, maana hapo ndipo mlipokwama. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita, kaakaa kati ya miezi tisa na kumi na minane. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Ulaya na Brazil kwa watoto 558 wenye tobo la kaakaa peke yake. Nusu walipasuliwa wakiwa na miezi 6, nusu wakiwa na miezi 12. Walipofika miaka mitano, waliokuwa na kaakaa lisiloweza kuziba hewa vizuri wakati wa kusema walikuwa asilimia 8.9 kwa kundi la mapema na asilimia 15 kwa kundi la pili. Wako ana mdomo na kaakaa vyote, na amepita miezi 12, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama zake. Mimi nazisoma hivi: kuchelewa kuna bei, lakini hata waliopasuliwa wakiwa na mwaka mmoja, walio wengi kaakaa lao lilifanya kazi yake. Miezi 14 hujachelewa. Akifika miaka mitatu bado mnahangaika, hapo tutakuwa tunazungumza mengine, kwa sababu mtoto atakuwa ameshajifunza kusema kwa njia yake mwenyewe na kumfundisha upya ni kazi ndefu.

Sasa, kwa nini hamkurudi? Najua jibu, na si kwamba hamjali. Upasuaji wa bure una gharama zake. Siku ya kliniki unaamka alfajiri, unapanda matatu ya mjini, unavuka daraja la Nyali umembeba mtoto na mkoba wa nguo na chupa ya uji, unashuka, unachukua tuktuk mpaka hospitali kule Makadara ili usikose nambari ya foleni. Kaka yake lazima aachiwe mtu. Viazi havijamenywa, kwa hiyo hata ukirudi saa tisa karai haitawaka jioni hiyo. Mume akikusindikiza, nafasi yake ya siku kule Shimanzi imechukuliwa na mwingine, na msimamizi hamkumbuki aliyekosekana jana. Halafu unaambiwa mtoto ana kifua, rudi baada ya wiki kadhaa. Unarudi, unaambiwa damu. Safari ya tatu ndiyo wengi wasiyoifunga. Hapo ndipo kipato kinapoingia katika maisha ya mtoto: siku mbili za mauzo zilizopotea bila kazi kufanyika, na aibu ya kukopa nauli kwa jirani yule yule.

Ndiyo maana nasema akiba yenu iwe ya safari, si ya upasuaji. Upasuaji una wa kuulipia. Smile Train, shirika lililoanzishwa New York mwaka 1999, hulipia upasuaji wa mdomo na kaakaa katika hospitali linazoshirikiana nazo hapa Kenya, na baadhi ya hospitali hizo hupata pia msaada wa lishe na matamshi. Operation Smile nalo limekuwa likifanya kazi nchini tangu miaka ya 1980. Hakuna shirika litakalolipa siku ya viazi karai isiyouzwa. Kama uko kwenye chama cha kuchangiana, ongea na wenzako mapema zamu yako ya kupokea iangukie wiki ya kulazwa. Kina mama wa Kisauni hawakatai jambo kama hilo wakielezwa. Na uliza kliniki waziwazi kama kuna msaada wa nauli. Wengine hulipiwa na hawajui kwa sababu hawakuuliza, nao wahudumu wana foleni mbele yao, hawakumbuki kumwambia kila mtu.

SHA pia, yaani bima ya afya ya serikali. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisha mtoto ameandikwa chini ya jina lako au la baba yake, maana nakuta wazazi wamejisajili wenyewe na kusahau mtoto. Mkishasajiliwa, huduma za zahanati na vituo vya afya ni bila malipo. Kulazwa hospitali kubwa kunataka mchango uwe umelipwa, na kwa wasio na mshahara mchango huo hukadiriwa kwa hali ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa wa mwaka mzima. Ni mzigo, najua. Lakini shirika likilipia kaakaa, halitalipia nimonia itakayomlaza mtoto usiku wa manane mwezi unaofuata.

Kuhusu kikohozi: daktari wa dawa ya usingizi hakukuonea. Mtoto mwenye mafua njia zake za hewa zimevimba na zina makamasi, na kwenye upasuaji wa kaakaa mpasuaji na mtu wa usingizi wanagombea mdomo ule ule mdogo. Hatari ni ya kukosa hewa. Unachoweza kukiokoa ni nauli. Pata nambari ya simu ya kliniki, na siku mbili kabla ya tarehe, mtoto akiwa na homa, kifua au anaharisha, piga simu kabla hujatoka nyumbani. Omba tarehe nyingine hapo hapo kwenye simu, usikate kabla hujaiandika.

Kuhusu damu: wapasuaji wengi hutaka isiwe chini ya 10 kwenye kipimo cha himoglobini. Kwa mtoto wa pwani mwenye umri huo, mambo matatu ndiyo hunipa shaka kwanza: malaria, minyoo, na chai. Hilo la tatu watu hucheka nikilisema. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa chai ya maziwa na hamri lililochovywa, kwa kuwa ni laini na halimkwami kwenye tobo. Anashiba, ananenepa hata mashavu, na damu inashuka, kwa sababu chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Mwondolee chai kabisa. Mpe dagaa waliosagwa ndani ya uji au mchuzi, yai, mbaazi zilizopondwa, mchicha uliokamuliwa ndimu, maini kipande kidogo pesa zikiruhusu. Hayo yote unayapata Kongowea kwa bei usiyoweza kuilinganisha na ya chupa za dawa za kuongeza damu zinazopigiwa debe mitaani. Akipimwa na kuandikiwa dawa ya chuma, ya hospitali, ampe mtu mmoja tu nyumbani ili isirudiwe. Dawa ya minyoo huanza mtoto akitimiza mwaka, kila baada ya miezi sita, na huipati kwa kununua, iko kituo cha afya.

Chakula kikimtokea puani, usiogope na usiache kumlisha. Mkalishe wima, uji uwe mzito kidogo, kijiko kidogo, mpe nafasi ya kumeza, mfute, endelea. Maziwa kwa kikombe. Andika uzito wake kila mwezi kwenye kitabu cha mama na mtoto, uone mstari unapanda.

Sasa friji. Ukiiuza utapata pesa za kulipa sehemu ya upasuaji mmoja, na utakuwa umeuza juisi na barafu za kila siku. Baada ya kaakaa kushonwa mtoto atahitaji kurudi kliniki mara nyingi kwa miaka kadhaa. Nauli itatoka wapi? Isitoshe, hospitali kuwa ya kibinafsi hakuniambii kitu kuhusu kaakaa. Nataka kujua mpasuaji ameshona makaakaa mangapi, na kama kuna timu: wa usingizi aliyezoea watoto, wa masikio, wa meno, wa matamshi. Sakafu ya vigae vinavyong'aa haifundishi mtoto kutamka. Zipo za kibinafsi zenye timu nzuri, sikatai, lakini wewe tayari una faili mahali ambapo mdomo ulishonwa bila malipo, na wanamjua mtoto. Rudi pale.

Nikae kidogo kwenye matamshi, maana ndiko nauli yako ikafanye kazi. Kaakaa likiwa wazi, hewa inatoroka puani. Herufi zinazotaka hewa ifungiwe mdomoni kisha iachiwe, p, b, t, d, k, g, hazitoki. Zile zinazopita puani tangu hapo, m na n, hutoka salama. Ndiyo maana mtoto wa namna hii humwita baba yake "mama," na baba akaumia moyo akidhani mtoto hamtaki. Mwambie mumeo mapema. Baada ya kushonwa, wengi hubadilika wenyewe polepole, lakini wapo, nao si wachache, wanaohitaji mafunzo, na baadhi hurudi kupasuliwa tena ili hewa izibwe vizuri. Hutajua wako ni yupi bila kurudi kukaguliwa. Familia nyingi hushangilia siku nyuzi zinapopona na faili hufungwa hapo. Mtoto anaonekana mzuri kwenye picha, ana miaka mitano, na darasani mwalimu haelewi anachosema. Kwa maoni yangu hicho ndicho chanzo kikubwa cha maisha duni ulichosoma kwenye simu: mtoto anayerudia sentensi mara tatu mwisho hunyamaza.

Wataalamu wa matamshi ni wachache nchini, na huenda mkapangiwa tarehe zilizoachana sana. Kati ya tarehe hizo mwalimu ni wewe. Kila umwonapo mtaalamu, mwombe akuonyeshe zoezi moja la kufanya nyumbani, ulifanye mbele yake, akusahihishe. Ukiwa unamenya viazi mtoto yuko miguuni pako, cheza naye: pa, pa, papa, bata, tata, pipi. Weka mdomo wako karibu na kiganja chake aihisi hewa. Akikosea usimcheke wala usimgombeze, rudia neno sahihi tu na uendelee na mchezo. Na mtu akikwambia umpe baluni apulize, au filimbi, au mrija, "kaakaa lipate nguvu," hifadhi pesa yako. Kupuliza hakufundishi kusema. Mtoto anaweza kupuliza filimbi mtaa mzima ukasikia na bado b ikamshinda.

Masikio yanasahauliwa zaidi. Karibu watoto wote wenye tobo la kaakaa hujaa maji nyuma ya ngoma ya sikio, kwa sababu misuli inayofungua mrija wa sikio ndiyo ile ile ya kaakaa. Hayaumi, hayatoki usaha, kwa hiyo mzazi haoni kitu. Mtoto anasikia kama aliye chini ya maji, na asichokisikia vizuri hawezi kukiiga. Akiwa hageuki ukimwita kwa nyuma, au anasogelea sana televisheni, sema kliniki.

Ukifika wakati wa madrasa, nenda wewe au baba yake ukaonane na mwalimu kabla ya siku ya kwanza. Mweleze kwamba akisoma bismillahi huenda b ikatoka m, si ukaidi wala uvivu, na amwache asome na wenzake, asimsimamishe peke yake, kisha amtengee muda wake. Herufi za kooni huenda zikamtoka vizuri kuliko wenzake, aanze kumsifu hapo. Nimeona walimu wa madrasa wakimsaidia mtoto kuliko sisi wenye vyeti, kwa sababu wanamsikiliza kila siku na kumrudisha kwenye herufi moja kwa subira. Shuleni fanya vivyo hivyo, na kama mwalimu anadhani mtoto hana akili, omba apelekwe kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti. Tobo la kaakaa peke yake halipunguzi akili. Kuhusu jina la mdomo sungura, mtaani litatajwa. Mfundishe sentensi fupi ya kujibu, "nilizaliwa hivi, nikashonwa," na kaka yake naye aijue.

Mavyaa wako usishindane naye. Mdomo hujiunda kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, kaakaa hadi ya tisa hivi, mara nyingi kabla mama hajajua vizuri kama ana mimba. Sababu ni mchanganyiko wa urithi na mazingira: kisukari cha mama kisichodhibitiwa, sigara, baadhi ya dawa za kifafa, na mara nyingi hakuna moja inayoweza kunyooshewa kidole. Kwa dunia nzima hutokea kwa mtoto mmoja kati ya 700 hivi. Hukufanya kosa, na hakuna aliyekutupia jicho. Dua aisome, ni haki yake na mtoto anaihitaji, lakini pesa ya mganga ndiyo nauli ya safari ile ya tatu. Mpe kazi: aje nawe kliniki asikie mwenyewe, au abaki na mjukuu mkubwa siku hiyo. Mimba nyingine ikija, nafasi ya kujirudia kwa wazazi wasio na hali hii ni kati ya 2 na 5 katika 100, kwa hiyo usiogope kuzaa. Anza vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba na uwaambie kliniki mapema.

Mbele kuna mengine: akiwa na miaka minane hadi kumi na moja huenda akahitaji mfupa kwenye ufizi ili meno yapate mahali pa kuota, kisha mambo ya meno na taya utu uzima ukikaribia. Hayo si deni la leo.

La leo ni hili. Jumatatu mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, apimwe damu na malaria, apewe dawa ya minyoo kama imepita miezi sita. Jibu la damu likiwa 10 au zaidi, piga simu kliniki ya mdomo na kaakaa siku hiyo hiyo uombe tarehe, uwatajie namba hiyo na uzito wake. Likiwa chini, uliza tarehe ya mwezi mmoja mbele na uanze dawa na chakula. Na kwa vyovyote, waombe masikio yapimwe siku ile ile mtakayokwenda, ili nauli iwe moja.